Kelele, Mvumo na Kishindo: Historia Fupi ya Istilahi za Vyombo vya Sauti, kwa Ushahidi wa Karakana Moja ya Morogoro

Utangulizi

Katika kazi ya kuunda istilahi makosa mengi hayamdhuru mtu. Mfasiri akikosea jina la ua, ua halinyauki. Akikosea cheo cha karani, karani huendelea kupokea mshahara wake. Lakini zipo nyanja ambamo neno lililowekwa ovyo laweza kumwua msomaji. Makala haya yahusu neno moja la namna hiyo, pamoja na jamaa zake, yaani istilahi za zile sauti zisizotakiwa zinazosikika katika vyombo vya kukuzia na kurekodia sauti.

Nilikabidhiwa kufasiri mwongozo mfupi kwa mafundi wanaojiundia nyumbani chombo cha valvu cha kubana sauti. Mwongozo ulieleza jinsi ya kuutafuta mzizi wa sauti mbaya ndani ya chombo hicho na kuung'oa. Nilidhani kazi ile ni ya wiki mbili. Ilinichukua miezi, nayo ilinipeleka hadi Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, kwa fundi mmoja mzee ambaye alinirudishia rasimu yangu ikiwa na alama nyekundu chache tu, lakini moja kati ya hizo ilinikosesha usingizi. Nitaeleza kwanza historia ya vitu vyenyewe, kisha ya majina yake, na mwisho nitaeleza alama ile nyekundu.

Valvu na kibana sauti

Valvu ya umeme ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa, yenye waya unaopashwa moto ndani yake. Mwingereza John Ambrose Fleming aliivumbua mwaka 1904, akaiita kwa jina la vali ya maji kwa kuwa iliruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Mmarekani Lee de Forest aliongeza wavu mdogo katikati, yaani gridi, akaomba hataza yake mwaka 1907. Gridi hiyo ndiyo iliyowezesha umeme dhaifu kuutawala umeme wenye nguvu, na hapo ndipo ukuzaji wa sauti ulipozaliwa. Waingereza walibaki na jina la vali; Wamarekani wakaiita kwa jina lenye maana ya bomba. Sisi tuliopokea redio kwa mkono wa Waingereza tukapata "valvu", tukatenga "vali" kwa ajili ya maji na magurudumu. Hakuna kamati iliyotenga hivyo. Mafundi ndio waliotenga, na walitenga vema.

Chombo cha kubana sauti kilikuja baadaye, katika miaka ya 1930, kwa mahitaji ya redio na filamu. Mtambo wa kurusha matangazo una kikomo: sauti ikizidi, matangazo huvurugika, sauti ikipungua mno, humezwa na kelele za njiani. Ilihitajiwa mashine ya kuinamisha sauti kubwa na kuinua ndogo, bila mtu kukaa na mkono juu ya kitasa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mhandisi Rein Narma, mzaliwa wa Estonia, alibuni nchini Marekani chombo cha Fairchild 670 chenye valvu 20 na uzito wa karibu kilo 30. Chombo kingine mashuhuri, LA-2A cha Jim Lawrence, kilitumia taa ndogo iliyomulika kipande kinachobadilisha ukinzani wake kwa mwanga.

Kanuni ya chombo kama Fairchild yafaa ielezwe, maana bila kanuni hiyo istilahi hazieleweki. Hutumika valvu ambayo ukuzaji wake hupungua kadiri gridi inavyopewa volti hasi. Sehemu ya sauti inayotoka hugeuzwa kuwa volti ya aina hiyo na kurudishwa kwenye gridi. Mwimbaji akipaza, volti hukua, na ukuzaji hupungua. Akinyamaza, volti hufifia, na ukuzaji hurudi. Kisha sauti yote huinuliwa tena ili kufidia kilichopotea. Hapo ndipo shida inapoanza: mwimbaji anapovuta pumzi, chombo huinua kila kilichobaki, na kama kuna mvumo mdogo uliojificha, huinuliwa pamoja na pumzi hiyo. Chombo chenye kasoro ndogo, kikishabana sauti, huwa na kasoro kubwa.

Kwa nini Morogoro

Msomaji aweza kuuliza kwa nini nilikwenda Morogoro badala ya maktaba ya chuo. Mji ule una historia ndefu ya muziki wa umeme. Hapo ndipo Salum Abdallah alipoiongoza Cuban Marimba hadi alipofariki katika ajali mwaka 1965, na hapo ndipo Mbaraka Mwinshehe alipopatia sifa na Morogoro Jazz, bendi iliyofika Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Aliiacha bendi hiyo mwaka 1973 akaunda Super Volcano, na ajali ya gari ikamwua Mombasa mwezi Januari 1979. Nyuma ya kila bendi walikuwapo watu ambao majina yao hayaandikwi juu ya santuri: waliobeba spika, walioziba nyaya zilizokatika, na waliokesha na vikuza sauti vya valvu ili kesho yake dansi lipigwe. Hao walikuwa na msamiati wao kabla yetu.

Aidha, mahali penyewe ni mwalimu. Milima ya Uluguru huinuka hadi mita 2,630 katika kilele cha Kimhandu, na miteremko ya mashariki, inayoelekea Bahari ya Hindi, hupata mvua nyingi kuliko ile ya magharibi. Unyevu wa masika huingia katika soketi za valvu na kulisha kutu, na radi za milimani husikika katika redio kabla hazijasikika masikioni. Na umeme wenyewe una uhusiano na mkoa huo, kwani mitambo ya maji ya Kidatu, iliyoanza kuzalisha mwaka 1975, imo mkoani Morogoro.

Fundi niliyemwendea, ambaye sitamtaja kwa jina, ameunda kibana sauti chake mwenyewe ili kurekodi kwaya na kuhamisha tepu za zamani. Kasha lake ni bati nene la chuma. Valvu zake ni mpya, kwani hata leo zinatengenezwa Urusi, Slovakia na China. Nilipomwamkia, "Shikamoo mzee," aliitika, "Marahaba mwanangu, karibu usikilize." Hakusema karibu ukae. Alinipa vifaa vya masikioni, akawasha, akaniuliza: "Unasikia nini?" Nikajibu, "Kelele." Akacheka. "Kelele ni za sokoni. Hapa ziko sauti nne. Zitaje."

Neno "kelele" na udhaifu wake

Hapa yafaa tusimame kidogo. Kwa Mswahili kelele ni sauti kubwa ya watu au vitu vingi: kelele za watoto, kelele za mlevi. Katika elimu ya umeme neno linalolingana nalo lilipewa maana nyingine. Mwaka 1918 Mjerumani Walter Schottky alieleza kwamba umeme ndani ya valvu haupiti kama maji laini, bali kama changarawe, punje kwa punje, na punje hizo hutoa sauti. Mwaka 1928 John Johnson na Harry Nyquist, waliokuwa Marekani, walieleza kwamba kila kikinza chenye joto hutoa umeme wa vurugu, hata kama hakuna kinachopitishwa ndani yake. Na mwaka 1948 Claude Shannon aliifanya dhana hiyo kuwa ya mawasiliano yote: kelele ni chochote kinachoharibu ujumbe njiani. Kwa maana hiyo yaweza kuwapo kelele isiyosikika kabisa na mtu aliyekaa hatua tatu kutoka kwenye spika.

Kosa langu la kwanza, basi, lilikuwa kulitumia neno "kelele" kila mahali. Katika ukurasa mmoja wa rasimu lilitokea mara kumi na moja, likisimama mahali pa maneno matano tofauti. Mwongozo wa kutafuta hitilafu hauwezi kufanya kazi hivyo. Ni sawa na daktari anayeandika "maumivu" tu katika kila cheti. Kila sauti ina chanzo chake, na jina lake ndilo linalompeleka fundi kwenye chanzo hicho.

Sauti nne za karakana

Ya kwanza fundi aliiita mvumo. Neno hili ni la asili: upepo huvuma, nyuki huvuma, ngoma huvuma. Mvumo wa chombo cha umeme ni wa aina mbili, na fundi huzitofautisha kwa sikio. Umeme wetu hubadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na mvumo wa kiwango hicho ni mzito, wa chini, karibu na noti ya sol ya chini kabisa ya kinanda. Mvumo huo hutoka kwenye nyaya zinazopasha valvu moto, au kwenye transfoma iliyokaa karibu mno na njia ya sauti. Dawa yake ni kuzisokota nyaya hizo kama kamba na kuzilaza pembeni mwa kasha, na kuigeuza transfoma mpaka mvumo upungue. Mvumo wa pili ni wa mizunguko 100, oktava moja juu, nao hutokea pale umeme uliogeuzwa kuwa wa upande mmoja haukuchujwa sawasawa, mara nyingi kwa kuwa kapasita zimezeeka. Mtu asiyetofautisha mivumo hii miwili atabadilisha kapasita nzuri na kuiacha transfoma mbaya.

Ya pili aliiita mvua. Ni ile sauti ya "shshsh" isiyokatika, kama manyunyu juu ya bati. Hizo ndizo punje za Schottky na joto la Johnson. Haiondoki yote, bali hupunguzwa kwa kuchagua valvu tulivu ya mwanzo na kubadilisha vikinza vya kaboni kwa vya utando wa metali. Mwanzoni niliona "mvua" kuwa neno la mzaha. Kisha nikakumbuka "chenga". Televisheni ilipokosa mawimbi, watu wetu hawakungoja kikao. Waliona kioo kimejaa vipande vidogo vyeupe kama chenga za mchele, wakasema "inaonyesha chenga", na leo hakuna asiyeelewa. Taifa lililokubali chenga kwa picha laweza kukubali mvua kwa sauti.

Ya tatu ni ile inayokatika-katika, kama mafuta ya kukaangia yaliyodondokewa na maji. Hii husababishwa na miguu ya valvu yenye kutu, kikinza kilichoanza kuoza, au unyevu. Nilikuwa nimependekeza "mwaliko", maana kitenzi "kualika" kina maana ya zamani ya kutoa mlio wa kupasuka, kama vidole vinavyoalishwa. Kwa kamusi neno ni safi. Lakini nilipomsomea fundi sentensi yangu, "Kama kuna mwaliko katika chombo, kagua soketi," aliniuliza arusi ni ya nani. Tukakubaliana na "mchachatiko", kutokana na "kuchachatika", neno la jikoni ambalo kila mama mkaanga vitumbua analijua kwa sikio hata kama hajawahi kuliandika.

Ya nne ni ya kibana sauti peke yake, nayo ni kishindo. Katika chombo cha namna ya Fairchild valvu hufanya kazi mbili mbili, zikipingana ili volti ya udhibiti ijifute yenyewe. Kama valvu za jozi hazilingani, volti hiyo haijifuti. Hutoka nje kama pigo zito kila mwimbaji anapoanza kwa ghafula. Dawa ni kutafuta jozi inayolingana, na kusawazisha kwa kitasa kilichowekwa kwa kazi hiyo.

Kuna na ya tano, ambayo haikuwapo siku ile lakini fundi aliionyesha. Alichukua kijiti cha mbao, akazigonga valvu moja moja taratibu. Moja ililia kama kengele ndani ya vifaa vya masikioni. "Hii ina masikio," alisema, yaani sehemu zake za ndani zimelegea na kila mtikisiko hugeuka sauti. Sikupata sababu ya kuunda neno jingine.

Jina la chombo chenyewe

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa mwaka 1990 ilitupatia misingi mingi ya fizikia, lakini haikuwa kazi yake kutaja vyombo vya studio. Njia rahisi ilikuwa kuandika "kompresa". Lakini kompresa, kwa dereva na kwa mwalimu, ni mashine ya kujaza upepo katika magurudumu. Njia ya pili ilikuwa "kikandamizi cha sauti". Kitenzi ni sahihi, ila historia ya nchi yetu imekibebesha mzigo. Tangu siasa za ukombozi na Azimio la Arusha la mwaka 1967, kukandamiza ni tendo la mkoloni na la mnyonyaji. Kikandamizi cha sauti kingesikika kama chombo cha kuwanyamazisha watu. Istilahi haiishi katika kamusi pekee. Huishi pia katika kumbukumbu za wasomaji. Nimechagua "kibana sauti", nikijua kwamba mwalimu wa kwaya atasema kubana sauti ni kuimba kwa koo lililofungwa. Pingamizi hilo ni la haki, ila mazingira ya neno yatatenganisha.

Mfano wa hatari ya kutotenganisha tunao tayari. "Kipaza sauti" kwa wengine ni kile kinachoshikwa na mwimbaji, na kwa wengine ni kile kinachotundikwa juu ya mti. Tarishi aliyetumwa kununua kipaza sauti aweza kurudi na chochote kati ya hivyo, na asiwe amekosea. Katika mwongozo nimetumia "maikrofoni" na "spika" bila aibu, japokuwa spika wa pili yuko Bungeni.

Alama nyekundu

Sasa nafika kwenye neno lililonikosesha usingizi, nalo ni "ardhi".

Mwongozo nilioufasiri uliandikwa kwa Kiingereza cha Marekani, ambamo neno moja lenye maana ya ardhi hutumika kwa vitu vitatu. Kwanza, ni waya unaounganisha kasha la chuma na fimbo iliyozikwa ardhini, kwa usalama wa mtu. Pili, ni kasha lenyewe. Tatu, ni njia ya marejeo ya sauti, yaani ile sifuri ambayo volti zote hupimwa kutoka kwake. Vitu hivi vikiunganishwa mahali zaidi ya pamoja, kwa mfano kinasa tepu kinapochukua umeme ukuta huu na kibana sauti ukuta ule, kisha vikaunganishwa kwa kebo ya sauti, hutokea kitanzi. Sumaku ya umeme wa nyumba hupita ndani ya kitanzi hicho na kuzaa mvumo. Mwongozo ulisema kitanzi hicho kivunjwe. Mimi niliandika: "Ili kuondoa mvumo, kata mzunguko wa ardhi."

Mzee alikizungushia kalamu nyekundu. "Mwanangu," alisema, "hapa umeua mtu."

Alinieleza kwa utulivu. Fundi wa mtaani akisoma sentensi ile, atachukua koleo na kukata waya wa ardhini kwenye plagi. Na kibaya zaidi, mvumo utaondoka kweli, kwa kuwa kitanzi kimekatika, naye ataamini kwamba amefaulu. Siku transfoma itakapochakaa na waya wa volti 230 ukagusa kasha, hapatakuwa na njia ya umeme huo kwenda ardhini wala fyuzi haitakatika. Kasha litangoja mkono. Kama mkono huo umeshika gitaa, na midomo imegusa maikrofoni ya chombo kingine chenye waya wake wa ardhini, umeme utapita katika moyo wa mtu. Hiyo si hadithi ya kutisha watoto. Tarehe 3 Mei 1972, mjini Swansea, Wales, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows aliuawa jukwaani na maikrofoni iliyokuwa haina ardhi salama.

Kisha akanionyesha dawa ya kweli. Aliviwasha vyombo vyote viwili kutoka soketi moja, mvumo ukapungua. Akaweka transfoma ndogo ya sauti kati ya vyombo hivyo, inayopitisha wimbo bila kuunganisha nyaya, mvumo ukaisha. Waya wa usalama haukuguswa. Niliirudia sentensi yangu palepale, juu ya meza yake: "Ili kuondoa mvumo, vunja kitanzi cha marejeo katika njia ya sauti. Waya wa usalama usikatwe kamwe." Maneno kumi na sita badala ya saba. Ufupi ni sifa ya istilahi, lakini haushindi uhai.

Hitimisho

Utaratibu tuliourithi hutufundisha kutafuta istilahi kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo twende kwingineko. Nathubutu kuongeza kwamba kabla ya kupanda ngazi hiyo tuulize karakanani. Aliyekaa na kitu miaka arobaini amekwisha kukipa jina, na mara nyingi jina hilo limebeba maarifa ambayo kitabu hakina. Kazi yetu ni kulipima, kulisafisha inapobidi, na kuhakikisha kwamba neno moja halibebi vitu viwili pale ambapo kosa lina gharama.

Istilahi ninazozileta mbele ya wasomaji kwa majadiliano ni hizi:

Kelele: jina la jumla la umeme wowote usiotakiwa unaochafua sauti, lisitumike kutaja hitilafu maalumu.
Mvumo: sauti nzito ya mfululizo itokanayo na umeme wa nyumba; mvumo wa 50 na mvumo wa 100 vitajwe mbalimbali.
Mvua: sauti laini isiyokatika itokanayo na valvu na vikinza.
Mchachatiko: sauti ya kukatika-katika itokanayo na viungo vibovu.
Kishindo: pigo la volti ya udhibiti linalovuja katika kibana sauti.
Valvu yenye masikio: valvu inayogeuza mtikisiko kuwa sauti.
Waya wa usalama: waya unaounganisha kasha na ardhi kwa ulinzi wa mtu.
Marejeo: sifuri ya volti katika njia ya sauti.
Kitanzi cha marejeo: njia mbili za marejeo zinazofunga duara na kuzaa mvumo.

Walimu wa ufundi, wafasiri na watumishi wa idara zinazotumia vyombo hivi wanaombwa watuletee maoni yao, hasa pale ambapo mafundi wa sehemu zao wana neno jingine. Neno la mwisho katika orodha hiyo laweza kumkumbusha msomaji kitanzi cha mnyongwa. Nililiona hilo, nikaliacha makusudi.